Ugezi wa probu za mashine ya CNC: maana yake ni nini

Kwenye mashine ya milingi ya CNC, yaani mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta, iliyokamilika vifaa utakuta probu mbili. Moja imefungwa juu ya meza na haihami. Zana ikishushwa hadi kugusa kisahani chake, mashine hujua zana hiyo ina urefu gani. Hiyo ni probu ya zana. Ya pili hukaa kwenye ghala la zana pamoja na endimili (zana za kukatia zenye meno) na keekee, na ikiitwa huingia kwenye spindo, ekseli inayoshika na kuzungusha zana, kama zana yoyote. Ina kijiti chembamba chenye kijipira cha yakuti nyekundu nchani, na kazi yake ni kwenda kugusa kipande kilichobanwa kwenye jiliwa ili mashine ijue kipande kimekaa wapi. Hiyo ni probu ya kazi.

Ugezi ni kulinganisha kifaa cha kupimia na kitu ambacho kipimo chake kinajulikana kwa uhakika, kisha kuweka kumbukumbu ya tofauti iliyoonekana. Neno hili wanalitumia TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wenye Maabara ya Ugezi. Karakanani wengi husema kukalibreti, na wanaelewana. Mimi napenda ugezi kwa sababu kugeza ni kukiweka kitu kando ya kingine uone kinavyolingana, na hicho ndicho kinachofanyika hapa. Hukazi wala hulegezi chochote ndani ya probu ili iseme kweli. Kinachobadilika ni namba zilizohifadhiwa ndani ya mashine.

Kabla ya yote, elewa kwamba probu haipimi. Probu ni swichi. Inajua neno moja tu: nimegusa. Mashine ikisikia neno hilo hutazama mahali ilipofika kwenye X, Y na Z, na yaliyobaki ni hesabu. Aina inayotumika sana ilibuniwa na David McMurtry, mhandisi wa Rolls-Royce nchini Uingereza, mwaka 1972. Alikuwa na mabomba membamba ya mafuta ya injini za ndege ya Concorde, na vipimo vya wakati ule vilikuwa vinayapinda kabla ya kuyapima. Ndani ya probu yake, vijiti vitatu hulala juu ya vijipira sita, na umeme hupita katika migusano hiyo. Ncha ikisukumwa kidogo, mgusano mmoja huanza kuachana, umeme hubadilika, na ishara hutoka. Mwaka uliofuata yeye na John Deer walianzisha kampuni ya Renishaw.

Sasa angalia neno "kidogo" hapo juu. Kati ya yakuti kugusa chuma na swichi kutoa ishara, kijiti hujipinda kwa maikroni (elfu moja za milimita) kadhaa huku mashine ikiendelea kusogea. Mashine yenyewe nayo huchukua muda kuisikia ishara. Ikiwa inasogea kwa milimita 1000 kwa dakika na ikachelewa milisekunde 4 tu, imeshapita karibu milimita 0.067. Kosa hilo ni kubwa, lakini lina uzuri mmoja: kwa mwendo uleule, hujirudia vilevile. Kosa linalojirudia unaweza kulipima ukaliondoa. Kwa hiyo probu ikigezwa kwa mwendo fulani, ni lazima ipime kazi kwa mwendo huohuo. Programu nyingi hugusa mara mbili, kwanza haraka ili kuutafuta uso, kisha polepole, na mguso wa pili ndio unaohesabiwa.

Tuchukue mfano. Kijipira kimetengenezwa kwa kipenyo cha milimita 6. Unafunga mezani pete ya kipimo ambayo cheti chake kinasema tundu lake ni milimita 50.002. Unaiweka spindo katikati ya tundu kwa geji ya saa, ile yenye mshale unaoonyesha mabadiliko madogo, unaingiza probu, inagusa kuta nne. Mashine inaona kwamba kutoka ukuta hadi ukuta wa pili imesafiri milimita 44.018. Toa hiyo kwenye 50.002, unabaki na 5.984. Je, kijipira kimelika? Hapana. Ukikipima kwa mikromita utapata 6.000 yako. Ila kwa mashine hii, kwa kijiti hiki, kwa mwendo huu, kijipira kinafanya kazi kama cha 5.984, na hiyo ndiyo namba ya kuandika. Ukiandika 6.000 kwa kuwa ndivyo kasha linavyosema, kila tundu litasomeka kubwa kwa milimita 0.016, na kila kipande kinachopimwa kwa nje kitasomeka kidogo kwa kiasi hichohicho. Tundu la beringi la milimita 35 lenye ustahimilivu wa H7, yaani daraja la kosa linaloruhusiwa kwenye tundu, linaruhusiwa kucheza milimita 0.025. Zaidi ya nusu ya nafasi hiyo imeshaliwa kabla hujakata chuma.

Namba ya pili inayotoka kwenye pete ni mkengeuko, yaani kijipira kimekaa kando ya mhimili wa spindo kwa kiasi gani. Kuna skrubu ndogo za kukivuta hadi katikati, na inafaa kukisogeza hadi geji ya saa icheze chini ya milimita 0.01. Kinachobaki hupimwa kwa kugusa, kisha kuzungusha spindo nusu duara na kugusa tena. Ndiyo maana mashine hufunga spindo kwenye pembe moja kila inapotumia probu: mkengeuko ulioandikwa upande mmoja hauna maana spindo ikigeukia kwingine.

Namba ya tatu ni urefu, na hapa ndipo probu mbili zinapokutana. Probu ya zana hugezwa kwa nondo ya kipimo, kipande cha chuma chenye nyuso laini zilizonolewa, urefu wake umechorwa ubavuni, tuseme 150.012. Nondo ikigusa kisahani, mashine huandika mahali kisahani kilipo. Kwa ajili ya kipenyo cha zana hugusishwa pia kwa pembeni. Wakati wa kazi, endimili hushushwa ikizunguka kinyumenyume ili meno yasikikate kisahani. Kisha nondo ileile hugusishwa uso bapa uliochagua mezani, na probu ya kazi hugusishwa uso huohuo. Sasa urefu wa probu na urefu wa zana zote vimetoka kwa mzazi mmoja.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mnyororo huo ulikatika. Kijiti cha probu kilivunjika, kikafungwa kipya, na urefu wake ukapimwa kando kwa geji ya kimo na kuingizwa kwa mkono. Siku hiyo kila mfuko (shimo lenye sakafu bapa) tuliokata ulizidi kina kwa milimita 0.08. Kijana aliyekuwa kwenye mashine akaniambia, "Fundi, nimegusisha mara kumi, inanipa namba ileile, haiwezi kuwa probu." Alikuwa sahihi kuhusu zile mara kumi. Probu ya kazi ilirudia kauli yake bila kuyumba, na ya zana vilevile. Kila moja peke yake ungeiamini. Ila sifuri zao zilikuwa mbili. Tulipogeza zote kwa nondo moja, kosa likaondoka bila kugusa programu hata mstari mmoja.

Joto lisisahaulike. Vipimo vya viwandani husemwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Chuma cha urefu wa milimita 200 kikipata nyuzi 10 zaidi hurefuka takribani milimita 0.023, na aluminiamu mara mbili ya hapo. Spindo iliyolala usiku kucha na spindo iliyozunguka nusu saa si kitu kimoja, kwa hiyo ipashe moto kwanza, na uiache nondo mezani ipate joto la mashine badala ya kuitoa kabatini ukaitumia papo hapo. Futa kisahani, yakuti na koni ya kishika zana. Chenga moja nyembamba kama unywele ikiganda kwenye koni, utakuwa umegeza chenga.

Rudia ugezi kila ukibadilisha kijiti, kila probu ikigonga hata kama inaonekana nzima, na ukibadilisha mwendo wa kugusa. Nje ya hapo, panga siku, kulingana na ubana wa kazi zako. Namba zinazotoka ziandike daftarini pamoja na tarehe. 5.984, kisha 5.983, kisha 5.984 ni probu yenye afya. Siku ikitoka 5.971, usiikubali na kuendelea: kaza kijiti kwanza, futa pete, gusa tena.