Adapta kuingia tunduni si dalili kwamba inafaa

Juzi mwalimu wa kwaya alipanda ngazi hadi meza yangu hapa Luthuli Avenue, Nairobi, amekumbatia kinanda cha Casio cha zamani. Adapta ya asili ilipotea kanisa lilipohama, akanunua nyingine ya volti 12. "Fundi, mbona iliingia vizuri tu?"

Iliingia, ndiyo. Lakini vinanda vingi vya Casio vya enzi hiyo hutumia adapta ya AD-5: volti 9, miliampea 850, hasi ikiwa katikati ya pini. Aliyonunua ilikuwa na chanya katikati, kama zile za Yamaha. Kinanda kikapata volti zilizozidi, tena kinyumenyume. Tuliponea kwenye diodi, kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, iliyo karibu na tundu: iliungua yenyewe badala ya kinanda, nikaibadilisha.

Ndiyo maana nasisitiza: niletee kifaa chenyewe, si adapta iliyokufa peke yake. Karibu na tundu au chini ya kifaa huchorwa duara dogo lenye alama za + na −, linaloonyesha kilicho katikati. Volti zilingane. Ampea zikizidi hakuna neno, kifaa huchukua kiasi kinachohitaji. Zikipungua, adapta huchemka hadi ife.

Tazama pia alama iliyo kando ya volti. Mstari mnyoofu wenye vistari vifupi chini yake ni DC, umeme unaokwenda upande mmoja. Wimbi ni AC, umeme unaogeuka-geuka upande kama ule wa ukutani, na baadhi ya mikisa (mashine za kuchanganya sauti) na modemu za zamani hutaka hiyo hasa. Adapta za AC ni za kutafuta kwa tochi. Mara nyingi natafuta transfoma yenye volti hizo na kuifungia ndani ya kasha.

Adapta nzito za zamani zinatisha wasiozijua. Imeandikwa 9, ukipima bila kuiunganisha na kifaa unapata 12 au 13. Si mbovu, zimeundwa hivyo, volti hushuka kifaa kikianza kuvuta umeme.

Na ile aliyokuletea shangazi kutoka Marekani, soma palipoandikwa INPUT kabla ya kuichomeka. Ikisema 120V pekee, umeme wetu wa 240 utaiunguza. Ikisema 100-240V, tafuta tu plagi ya kuunganisha.

Mwalimu alipoondoka nilimbandikia karatasi nyuma ya kinanda, kwa kalamu nzito: 9V, HASI KATIKATI.