Si kila maumivu ya chembe ya moyo ni vidonda vya tumbo

Wagonjwa wengi wanaokuja kliniki wameshika chembe ya moyo huwa na jibu tayari: "Daktari, nina vidonda vya tumbo." Mimi huanza kwa kuwaomba wanioneshe kwa kidole kimoja panapouma.

Chembe ya moyo ni pale chini ya mfupa wa kifua, mbavu zinapoachana. Hapo nyuma kuna mfuko wa chakula na kongosho. Kulia kidogo kuna ini na nyongo. Kiungulia ni asidi inayopanda na kuchoma kifuani hadi kooni, hasa ukilala mara baada ya kula. Mawe ya nyongo huuma zaidi chini ya mbavu za kulia. Kidonda chenyewe ni ukuta uliochimbika, wa mfuko wa chakula au wa mwanzo wa utumbo mwembamba. Hiki cha utumbo mara nyingi huuma mtu akiwa na njaa au usiku wa manane, akila anapata nafuu.

Zamani lawama zote zilikuwa kwa pilipili na mawazo. Madaktari Warren na Marshall wa Australia walionesha kuwa kuna bakteria anayesababisha vidonda, Helicobacter pylori, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Maana yake vidonda vingi vinatibika vikapona kabisa. Hakuna sababu ya kuishi navyo miaka kumi. Ila omba kipimo cha kinyesi cha kutafuta bakteria huyo, na uache omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, wiki 2 kabla ya kupima. Kile cha damu kinaweza kuonesha maambukizi hata baada ya kupona.

Linaloniuma zaidi ni diklofenaki, dawa ya maumivu. Mtu anaumwa mgongo, anaimeza kila siku, inamtoboa tumbo taratibu, naye anaendelea kulaumu maharage. Ibuprofeni na aspirini ni hivyo hivyo. Mwambie daktari kila dawa unayotumia, hata uliyonunua dukani.

Ukipata choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, usisubiri kesho. Na chembe ikibana ghafla huku unatoka jasho jembamba na pumzi inakata, hasa kama una kisukari au presha, nenda hospitali saa hiyo hiyo ukapimwe moyo. Mshtuko wa moyo nao huweza kuanzia hapo hapo, na dawa ya asidi itakuchelewesha tu.