Kwa nini Östhammar ilikubali taka za nyuklia zizikwe kwao?

Oktoba 13, 2020, madiwani wa Östhammar, halmashauri ya pwani kaskazini mwa Stockholm, walipiga kura 38 kwa 7 kukubali taka za nyuklia za Sweden zizikwe Forsmark, ndani ya eneo lao. Walijua wanachokubali: tani 12,000 hivi za fueli iliyotumika, katika makasha kama 6,000 ya shaba yenye unene wa sentimita 5, kila moja likizungukwa na udongo wa bentonaiti ndani ya mwamba, mita 500 hivi chini ya ardhi.

Wengi wakisikia hivyo husema wamehongwa. Hesabu inakataa. Mwaka 2009 SKB, kampuni inayoshughulikia taka hizo, ilikuwa ikichagua kati ya Östhammar na halmashauri nyingine, Oskarshamn. Kabla haijatangaza uamuzi, pande zote zilisaini mkataba wa miradi ya maendeleo ya kroni bilioni 1.5 hadi 2, na asilimia 75 ikatengwa kwa ajili ya halmashauri ITAKAYOKOSA. Itakayochaguliwa ingepata ajira na ujenzi wa mradi wenyewe hata hivyo. Östhammar ilichaguliwa, ikabaki na asilimia 25.

Kilichofanya kazi ni haki ya kukataa. Miaka ya 1980 wachimbaji wa SKB walifika vijijini bila kukaribishwa, wakakuta maandamano. Mwaka 1992 kampuni ikabadili njia: ikaziandikia halmashauri zote kuuliza nani yuko tayari kuchunguzwa tu. Halmashauri ya Storuman ilikataa kwa kura ya maoni mwaka 1995, asilimia 71. Ile ya Malå ikakataa mwaka 1997, asilimia 54. Kote kuwili SKB iliondoka.

Ni kama posa. Binti anayejua kwamba kukataa kwake kutaheshimiwa humsikiliza mposaji kwa utulivu, akauliza kazi yake, tabia yake, hata madeni yake. Aliyekwisha kupangiwa siku ya harusi hana la kuuliza. Anatafuta mlango wa kutorokea. Östhammar iliuliza kwa miaka mingi, tena kwa msaada wa wataalamu iliowachagua yenyewe, waliolipwa na mfuko wa taka unaochangiwa na wenye vinu vya nyuklia. Januari 2018 mahakama ya mazingira ilipotaka ushahidi zaidi kwamba shaba haitaliwa na kutu, halmashauri ilifuta kura ya maoni iliyopangwa Machi. Madiwani waliamua baada ya maelezo mapya kuletwa.

Tahadhari mbili. Östhammar na Oskarshamn zote zilikuwa na vinu vya nyuklia tayari, hivyo ni vigumu kutenganisha nguvu ya utaratibu na mazoea ya wakazi. Pia kura ya turufu ya halmashauri ina mwanya kisheria: serikali inaweza kuipita kama mradi ni wa lazima kwa taifa na hakuna mahali pengine panapofaa zaidi. Serikali ilipotoa kibali Januari 27, 2022, haikuhitaji kuutumia.