Samaki wa Schubert hasikiki, na wapigaji hawana kosa

"Mwalimu, kipande kinaitwa Trauti, mbona samaki sijamsikia?" Juzi nimeulizwa tena, safari hii na mzazi wa mwanafunzi wangu, mtu wa mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza. Nikameza mate, maana onyesho zima lilihusu maji, milima na kwao kwa mtu, na kila aliyenifuata baadaye alikuwa anadai mnyama wake.

Muziki ukiwa wa ziwa si lazima uige ziwa! Schubert, mtunzi wa Austria, aliandika Trauti, kwinteti (kipande cha wapigaji watano), mwaka 1819, akiwa na miaka 22. Mpiga chelo (fidla kubwa ya kupigwa umekaa) mmoja wa Steyr, Austria, alimwomba aurudishe humo wimbo wake wa zamani kuhusu samaki huyo, naye akaufanya mada ya sehemu ya nne. Katika wimbo wenyewe, piano inarukaruka kama maji tangu mwanzo. Katika sehemu hiyo ya kwinteti, mrindimo huo ameubana mpaka mzunguko wa mwisho kabisa. Mtu anayetaka kukuonyesha samaki atamficha hivyo? Anachokupa ni utulivu wa kukaa kando ya maji bila haraka, na aliyewahi kukaa juu ya mawe ya Capri Point jioni anaujua bila kufundishwa. Hata mtunzi Beethoven, ambaye katika simfoni yake ya 6 (kipande kirefu cha okestra) aliweka sauti za ndege watatu waziwazi, alitahadharisha kwamba ni kueleza hisia zaidi kuliko kuchora picha.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi, na wamenichoka: usisome jina la kipande kabla ya kusikiliza. Fuata besi kwanza. Majina yanadanganya: kwarteti (kipande cha wapigaji wanne) ya mtunzi Haydn inayoitwa Kipozamataza, jina la ndege, jina hilo hakulitoa yeye.

Malalamiko mengine nayo nayasikia kila onyesho. "Muziki wa Wazungu, hautuhusu." Mgogo anapiga zeze kwa uta, kwa hiyo mambo ya nyuzi na uta tusijifanye wageni. Na huko kwao kwenyewe, mtunzi Dvořák, Mcheki wa Bohemia, aliandika kwarteti yake ya 12 mwaka 1893 akiwa Spillville, kijiji cha Iowa, Marekani, kati ya Wacheki wenzake waliohamia huko, akatia na sauti ya ndege wa huko. Hadi leo watu wanabishana kama inanukia Marekani au Bohemia. Mimi nasikia vyote viwili, kama Mkerewe aliyehamia Igogo.

"Bila spika hamtasikika." Ukumbi mdogo, watu watano: tunasikika. Zimeni feni.

"Kiongozi yuko wapi?" Hayupo. Kila mmoja ana sauti yake peke yake, tunatazamana na kuvuta pumzi pamoja. Huo ndio muziki wa chemba. (Najua, chemba kwetu ni ya majitaka. Chekeni, nimezoea.)

Na makofi kati ya sehemu, pigeni tu. Schubert hatakasirika. Simu ndizo zinazonikera.