Mstari mweusi wa Msikiti wa Kijani

Wengi wakiingia Yeşil Cami, Msikiti wa Kijani wa Bursa, Uturuki, macho huenda juu kwenye kuba. Mimi huwaomba wanafunzi wangu wasogelee kwanza mihrabu, shubaka la ukutani linaloonyesha kibla, mpaka wauone mstari mwembamba mweusi unaotenga rangi na rangi.

Mstari huo ndio ulioshika kazi nzima. Rangi za vigae zikiingia tanurini huyeyuka, na zikiyeyuka huvamiana: buluu humwagikia nyeupe, njano huichafua zumaridi. Kwa hiyo fundi alichora kwanza ua lake kwa manganizi, madini meusi, iliyochanganywa na mafuta, kisha akajaza rangi za maji ndani ya kila kijumba. Maji na mafuta havichangamani, basi kila rangi ilikaa kwake. Motoni mafuta yaliungua, manganizi ikabaki, nyeusi isiyong'aa kati ya rangi zinazong'aa. Hivyo kigae kimoja kiliweza kubeba rangi tano au sita, bila kukata vipande vidogo vidogo na kuvipanga kimoja kimoja.

Ufundi huu uliletwa na vita. Mwaka 1402 Timur, mtawala wa Asia ya Kati, alimshinda Bayezid, sultani wa Waosmani, karibu na Ankara, na wana wa Bayezid wakapigania kiti hadi 1413, Mehmed wa Kwanza aliposhinda. Katika waliochukuliwa na Timur alikuwamo kijana wa Bursa, Ali bin Ilyas, aliyepelekwa Samarkand, mji mkuu wa Timur. Alirudi nyumbani akiwa mchoraji aliyekomaa, akasimamia mapambo ya msikiti huu wa Mehmed, na jina lake limo humo ndani. Mihrabu nayo ina maandishi yanayosema ni kazi ya mafundi wa Tabriz, mji wa Iran. Ndiyo maana inaniuma kusikia majengo haya yakiitwa majaribio tu kabla ya Sinan, msanifu mkuu wa Waosmani wa karne ya 16. Mji uliotoka kuporwa ulikusanya mikono bora ya zama zake.

Wala haukuwa msikiti wa kuswalia tu. Hacı İvaz Paşa, aliyechora ramani yake, aliweka chemchemi katikati ya ukumbi, na kando vyumba vyenye meko na shubaka za kuwekea mizigo, ambamo masufi wasafiri walilala. Nje palikuwa na madrasa, hamamu, jiko la kulisha watu, na kaburi la sultani mwenyewe. Ukifika kaburini, usiishie kusifu vigae vya ukuta wa nje: vingi viliwekwa upya baada ya tetemeko la 1855. Ingia ndani, ukaone jeneza la vigae lenye maandishi ya dhahabu.

Mehmed alifariki 1421, mapambo yakakamilika 1424. Baraza la mbele halikujengwa kamwe. Ukisimama mlangoni utaona mawe yaliyochongwa tayari kupokea matao yake, bado yametokeza ukutani.