Tafsiri inayochakaa kimyakimya kwenye tovuti ya Kubernetes

Tovuti ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu ndani ya kontena, ina hazina yake GitHub, kubernetes/website. Kurasa za Kiingereza zimo kwenye content/en, na kila lugha ina folda yake, mfano content/fr. Wachangiaji wengi hukimbilia kutafsiri ukurasa mpya. Mimi nakuomba uanze na wa zamani: anayesoma tafsiri iliyopitwa na wakati anaweza kufuata maelekezo yaliyokwishabadilika akiamini yuko sahihi.

Andaa kompyuta kwanza. Ukishanakili hazina, endesha `git submodule update --init --recursive --depth 1`, kisha `make container-serve`, na ufungue localhost:1313 kwenye kivinjari. Ukipenda kutumia Hugo, programu inayojenga tovuti hii, bila kontena, chukua toleo la “extended”, namba ileile iliyo kwenye netlify.toml. Hugo ya kawaida itakwama kwenye scss/main.scss ikilalamika kuhusu TOCSS, kwa kuwa haina uwezo wa kuchakata SCSS, lugha ya mitindo ya kurasa.

Sasa kazi yenyewe. Chukua ukurasa mmoja uupime:

`./scripts/lsync.sh content/fr/docs/concepts/_index.md`

Skripti hii hutafuta komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye Git) ya mwisho iliyogusa tafsiri, kisha huonyesha kila kilichobadilika kwenye faili la Kiingereza tangu hapo. Mistari yenye alama ya kutoa na ya kujumlisha ndiyo deni lako. Ukiipa folda badala ya faili, hukuorodheshea mafaili yaliyobaki nyuma.

Lakini angalia inavyopima. Mtu akisahihisha herufi moja tu kwenye tafsiri, komiti yake inakuwa ndiyo ya mwisho, na mabadiliko yote ya Kiingereza yaliyotangulia yanafichika. Skripti itasema ukurasa uko sawa, kumbe umeachwa mbali. Kwa hiyo endesha lsync kabla ya kugusa hata nukta, na ukisahihisha, fidia deni lote kwenye ombi hilohilo la kuunganisha mabadiliko (pull request). Ukishuku ukurasa, `git log` ya faili la tafsiri itakuonyesha kama komiti za karibuni ni za herufi tu. Rudi hadi ile iliyoleta maudhui na ulinganishe kuanzia hapo.

Ndiyo maana hazina kuu haifai kunakiliwa kwa `--depth 1`, inayoleta komiti ya mwisho tu, ingawa kwa submodule (hazina ndogo zilizo ndani yake) haina shida. Bila historia, skripti haina cha kulinganisha, na kila ukurasa utaonekana mzima.

Ombi likishatumwa, boti hukagua kama umesaini mkataba wa uchangiaji wa CNCF, taasisi inayosimamia Kubernetes. Ikikataa ilhali umesaini, mara nyingi barua pepe iliyo kwenye komiti haimo kwenye akaunti yako ya GitHub. Rekebisha `git config user.email`, endesha `git commit --amend --reset-author`, kisha sukuma upya kwa `--force-with-lease`. Fanya haya kabla mhakiki hajaandika /lgtm, yaani idhini yake, kwani komiti mpya inaweza kuifuta na itabidi asome tena.