Je, wajua kwa nini Mpemba hasemi "naenda Zanzibar"?

Simama bandarini Dar es Salaam asubuhi, boti inapokaribia kuondoka, usikilize abiria wanavyoulizana: "Na wewe unaenda Zanzibar?" Sasa nenda Mkoani, Pemba, kwenye boti inayokwenda kufunga gati palepale inapofikia ile ya Dar, bandari ya Malindi, Unguja mjini. Huko utasikia, "Nakwenda Unguja." Mpemba atakwendaje Zanzibar wakati alipo ni Zanzibar tayari?

Kwa Katiba ya Zanzibar ya 1984, Zanzibar ni Unguja, Pemba na visiwa vidogo vinavyovizunguka, kama Tumbatu. Unguja ni kisiwa kimoja tu kati ya hivyo. Hata majina ya mikoa yanaonyesha: kuna Kaskazini Unguja na Kusini Unguja, kuna Kaskazini Pemba na Kusini Pemba, halafu Mjini Magharibi.

Unguja ni jina la wenyewe, na ni la kale. Al-Jahiz, mwandishi wa Basra wa karne ya 9, alitaja mahali paitwapo Lanjuya, na wanahistoria wengi wanaona ndiyo Unguja hiyohiyo. Kusini mwa kisiwa bado kipo kijiji cha Unguja Ukuu, kilichokuwa mji wa bandari zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Jina Zanzibar lilikuja na wasafiri. Kwa kawaida huelezwa kuwa ni la Kiajemi: zangi, watu weusi, na bar, pwani. Kwa hiyo mwanzoni lilitaja mwambao mrefu wa Afrika Mashariki, kisha likasinyaa hadi visiwani. Sultani wa Oman alipoweka makao yake Unguja mjini, wageni wakaita mji, kisiwa na dola kwa jina hilo moja. Mkanganyiko tulio nao leo ulianzia hapo.

Ng'ambo ya pili nako jina lilihama. Tanganyika lilikuwa jina la ziwa, Waingereza wakaipa nchi nzima mwaka 1920. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likawa rasmi Oktoba mwaka huohuo. Leo Katiba ya Muungano inasema Tanzania Bara na Tanzania Zanzibar, Wazanzibari wanasema "Bara" tu, na vijana wanasema Bongo, kutokana na ubongo, kwa kuwa Dar huwezi kuishi bila kuutumia. Uwanjani ni wazi zaidi: Taifa Stars ni ya wote, lakini kwenye Kombe la CECAFA Kilimanjaro Stars ya Bara imeshakutana na Zanzibar Heroes.

Mimi jambo hili linanigusa kwa ajili ya Pemba. Mtu akimaliza Nungwi, Paje na Mji Mkongwe, zote za Unguja, akasema ameimaliza Zanzibar, amewaacha nje watu zaidi ya 500,000, na sehemu kubwa ya mikarafuu iliyoijengea Zanzibar jina. Ndiyo maana ukimwambia mwenyeji umefika Zanzibar, atakuuliza: "Zanzibar wapi, Unguja au Pemba?"